Naamka mara tano usiku, na dawa ya tezi dume imeniangusha bafuni

SWALI

Assalaam aleikum. Mimi ni mstaafu wa miaka 68, nakaa Tanga. Huu mwaka wa nne mkojo unanisumbua. Unachelewa kuanza, ukianza hauna nguvu, unakatika katikati, na nikidhani nimemaliza, nikishatawadha tu matone yananidondokea kwenye kanzu na inabidi nirudie udhu. Usiku naamka mara nne hadi tano.

Nina presha pia. Natumia amlodipini ya miligramu 10 na kile kidonge cha kukojoza, vyote nameza baada ya chakula cha usiku ili nisisahau. Jioni miguu inavimba mpaka soksi zinaacha alama.

Mwezi uliopita nilishikwa na mafua, nikanunua dukani dawa ya kufungua pua pamoja na Piriton. Siku ya pili mkojo ukagoma kabisa, tangu isha mpaka saa nne asubuhi, tumbo limejaa hadi karibu na kitovu. Hospitali wakaniwekea mpira wa kutolea mkojo. Siku ya tatu ukatolewa na nikakojoa mwenyewe. Ultrasaundi ya siku ya kutoka inasema tezi ina gramu 62 na mkojo unaobaki kibofuni ni mililita 140. Figo wamesema ziko sawa. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ni 5.8, damu ilichukuliwa siku ileile niliyowekewa mpira. Nikapewa dawa ya tezi, tamsulosini ya miligramu 0.4, nikawa nameza alfajiri kabla ya kula chochote. Siku ya nne nikapata kizunguzungu nikaanguka bafuni, nikaiacha.

Nauliza: hiyo PSA ndiyo saratani? Daktari aligusia upasuaji. Ni kweli mwanaume akishafanyiwa ndiyo basi tena chumbani? Na kuna kijana anauza unga wa kuyeyusha tezi, chupa elfu themanini. Niununue?

Mzee M., Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, na shikamoo mzee wetu. Umefanya vizuri kuandika vipimo vyako vyote na saa unazomeza dawa. Ukisoma barua yako vizuri, sehemu ya jibu iko kwenye hizo saa.

Tuanze na tamsulosini, maana kuiacha kumekurudisha karibu na mpira. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na imeizunguka njia ya mkojo kama pete kwenye kidole. Kijana ana tezi ya gramu 20 hivi. Yako ni mara tatu ya hiyo. Lakini kinachobana si ukubwa peke yake. Ndani ya tezi na kwenye shingo ya kibofu kuna misuli inayokaza, na tamsulosini kazi yake ni kuilegeza. Shida ni kwamba misuli ya aina hiyohiyo iko kwenye mishipa ya damu, kwa hiyo ukisimama ghafla presha inaweza kushuka ukaona giza. Ukimeza kapsuli tumbo likiwa tupu, dawa nyingi zaidi inaingia kwenye damu, na kwa haraka kuliko ilivyokusudiwa. Wewe uliimeza alfajiri bila chakula, huku dawa mbili za presha za usiku bado zinafanya kazi, kisha ukaingia bafuni. Kuanguka kulikuwa na sababu, na sababu hiyo inarekebishika.

Rudi kwa daktari aliyekuandikia, umweleze ulivyoanguka, akupime presha ukiwa umelala na tena ukiwa umesimama kwa dakika tatu. Akikubali uanze upya, meza kapsuli moja nusu saa baada ya chakula kilekile kila siku. Wengi wanachagua cha usiku, kwa kuwa kizunguzungu kikija kinawakuta kitandani. Usiifungue kapsuli wala kuitafuna, imetengenezwa iachie dawa taratibu. Unapoamka kukojoa, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha nyayo, hesabu hadi thelathini, ndipo usimame. Weka taa inayofikika kwa mkono, na usione haya kuweka kopo lenye mfuniko chini ya kitanda: kuvunjika nyonga gizani ukielekea chooni ni hatari kubwa kuliko tezi yenyewe. Nafuu huanza ndani ya siku chache, lakini ipe wiki mbili hadi nne kabla hujasema haifanyi kazi. Baadhi ya watu, wakiwa na mke, wanaona manii yamepungua au hayatoki kabisa. Hayo hayadhuru, na dawa ikiachwa hali inarudi kama zamani.

Sasa hizo mara tano za usiku. Hapa watu wengi wanaibebesha tezi mzigo usio wake. Mtu anaweza kuamka kwa sababu kibofu hakimwagi vizuri, au kwa sababu figo zinatengeneza mkojo mwingi usiku, na kuna wenye yote mawili. Dawa ya tezi haipunguzi maji yanayotengenezwa na figo. Kwa hiyo kabla ya kuongeza dawa yoyote, pima.

Tafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita, la lita moja linatosha, na daftari. Kwa siku tatu, si lazima zifuatane, kojoa kwenye jagi kila unapokwenda haja, andika saa na kiasi. Andika pia ulichokunywa na saa, na weka alama pale ulipobanwa ghafla au ulipolowa. Mkojo wa mwisho kabla ya kulala unahesabiwa kuwa wa mchana. Kila mkojo baada ya hapo, pamoja na ule wa kwanza ukishaamka asubuhi, ni wa usiku. Jumlisha. Tuseme saa 24 umetoa mililita 1,500 na kati ya hizo 700 ni za usiku: hiyo ni karibu nusu. Kwa mtu wa umri wako, usiku ukizidi theluthi moja tunajua figo zinafanya kazi ya mchana wakati umelala. Angalia na kila safari ina kiasi gani. Mililita 250 au 300 kila mara ni maji mengi yanayotafuta pa kutokea. Mililita 60 au 80 kila mara, huku jumla ya usiku ni ndogo, hapo kibofu ndicho kinacholalamika. Na jumla ya saa 24 ikipita lita tatu, nenda ukapimwe sukari kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa maelezo yako tunashuku sana kwamba wewe una yote mawili. Miguu inayovimba jioni imebeba maji yaliyoshuka kutwa nzima. Ukilala, maji hayo yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, na saa nane usiku uko chooni. Amlodipini, hasa kwa miligramu 10, inajulikana kwa kuvimbisha miguu. Juu ya hapo unameza kidonge cha kukojoza usiku, nacho kinafanya kazi yake uliyokilipia. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako; kiharusi hakina subira. Nenda kliniki ya presha na daftari lako uombe mambo mawili: kidonge cha kukojoza kihamie asubuhi, na daktari aangalie kama amlodipini inaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Akukague pia moyo na figo, maana miguu kuvimba ina sababu zaidi ya moja. Wakati unasubiri, kila siku baada ya alasiri lala kwa muda wa saa moja, miguu juu ya mito ipite usawa wa moyo, kisha tembea kidogo. Maji hayo utayakojoa kabla ya kulala. Kama mkeo anasema unakoroma sana na pumzi inakatika usingizini, mtajie daktari, kwa kuwa hilo nalo linaongeza mkojo wa usiku.

Maji usiyakate. Wazee wengi wanaacha kunywa kwa woga wa choo, mkojo unakuwa mzito, unachoma kibofu, na njia ya maambukizi na mawe inafunguka. Kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, nyingi asubuhi na mchana, na saa tatu za mwisho kabla ya kulala usinywe zaidi ya maji ya kumezea dawa. Chai na kahawa ziishie alasiri. Hiki kikombe cha chai ya rangi cha baada ya isha barazani ndicho kinachowaamsha wengi. Wakati wa Ramadhani gawa maji kati ya futari na daku badala ya kumaliza jagi zima kabla ya kulala, na tamsulosini imeze baada ya kufuturu.

Kuhusu matone kwenye kanzu. Mkojo huo hautoki kibofuni, umebaki kwenye kona ya njia ya mkojo nyuma ya korodani. Kutikisa hakuutoi. Ukimaliza kukojoa, subiri nusu dakika hadi dakika moja, jaribu tena kukojoa bila kujikakamua. Kisha weka ncha za vidole vitatu vya mkono wa kushoto nyuma ya korodani, katikati, bonyeza kwenda juu kwa upole na usukume kuelekea mbele hadi chini ya shina la uume. Rudia mara mbili au tatu, utaona matone yanatoka. Hapo ndipo ustanji na kutawadha. Kaa au chuchumaa badala ya kusimama: misuli ya nyonga inalegea zaidi, na kwa mwenye tezi iliyokua mkojo unaobaki unapungua. Wenye matone yasiyokatika kabisa wana hukumu yao katika fikihi, hilo muulize sheikh wako. Hata hivyo kwa wengi huku kukamua kunatosha.

Mafua ya mwezi uliopita tunataka uyakumbuke kila utakapoingia duka la dawa. Dawa za kufungua pua zenye pseudoefedrini zinakaza misuli ileile ambayo tamsulosini inailegeza. Piriton kwa upande wake inakidhoofisha kibofu kisikamue. Ukizichanganya, mlango unafungwa na msukumo unaondoka kwa wakati mmoja. Orodha hiyo ina ndugu zake: amitriptilini wanayopewa watu kwa ganzi na maumivu ya mishipa, Buscopan ya msokoto wa tumbo, kodeini, na baadhi ya dawa za usingizi zinazouzwa bila cheti. Mwambie muuzaji, kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu, kwamba una tezi dume na umewahi kuzibwa mkojo. Kwa pua iliyoziba, mvuke na maji ya chumvi vinatosha. Choo kigumu pia huzidisha kubanwa, hivyo maharage, mchicha na matunda yasikose. Na usibane mkojo kwenye basi la safari ndefu; kibofu kilichojaa kupita kiasi kinachoka, halafu kinakataa.

PSA ya 5.8. Hesabu hiyo peke yake haisemi saratani, na hasa ya kwako haiaminiki, kwa sababu damu ilichukuliwa siku mkojo umeziba na mpira umepitishwa. Vyote viwili vinapandisha PSA. Maambukizi ya mkojo yanafanya hivyohivyo. Tezi kubwa nayo hutoa PSA nyingi zaidi: ukigawanya 5.8 kwa gramu 62 unapata karibu 0.09, na madaktari huanza kuwa na wasiwasi zaidi kuanzia 0.15. Hilo ni jambo la kutia moyo, lakini halimalizi kazi. Rudia kipimo wiki sita baada ya mpira kutolewa, mkojo ukiwa umepimwa na hauna maambukizi. Siku mbili kabla ya kutoa damu usikutane na mke wala usiendeshe baiskeli.

Pamoja na hicho, kubali kipimo cha kidole, kinachopitishwa njia ya haja kubwa kuigusa tezi. Tunajua wazee wengi wanakikimbia hiki na kufika hospitali saratani imeshaingia mifupani na mgongo umeshaanza kuuma. Unalala ubavu, magoti yamekunjwa, daktari anavaa glavu yenye mafuta, na ndani ya dakika moja imekwisha. Anatafuta kitu ambacho damu haimwambii: tezi iliyokua kwa umri ni laini na sawasawa, ya saratani mara nyingi ina uvimbe mgumu au upande mmoja uliokakamaa. Kukua kwa kawaida hakugeuki kuwa saratani. Lakini mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na wanaume weusi tuna hatari kubwa zaidi ya saratani hii, kama ilivyo kwa wale ambao baba au kaka aliugua. Ndiyo maana hatukuachii uende na jibu la matumaini tu.

Kurudia PSA kabla ya kuongeza dawa kuna sababu nyingine. Kwa tezi ya gramu 62, daktari huenda akataka kukuongezea finasteridi ya miligramu 5 kwa siku. Yenyewe inaizuia homoni inayoikuza tezi, na baada ya miezi sita hadi mwaka tezi hupungua kama robo. Kwa tezi kubwa, ikitumika miaka, hupunguza karibu nusu ya hatari ya kuzibwa tena au kuishia kwenye upasuaji. Lakini inaishusha PSA pia, kwa karibu nusu. Ukianza kuimeza kabla ya kurudia kipimo, mwakani mtu atasoma 3 na kufurahi, kumbe hesabu halisi ni 6. Kwa hiyo PSA kwanza, finasteridi baadaye, na kila utakapopimwa sema unaitumia ili hesabu izidishwe kwa mbili. Watumiaji wachache hupungukiwa hamu au nguvu za kiume, wengine matiti huuma. Uliza mapema, usinyamaze nayo. Kidonge kilichovunjika kisishikwe na mwanamke mjamzito nyumbani.

Unga wa elfu themanini usinunue. Hakuna anayejua kilichomo, na kuna unga wa aina hii uliokutwa umechanganywa dawa za hospitali bila kuandikwa. Ukiwa na dawa ya nguvu za kiume ndani yake, pamoja na tamsulosini na dawa za presha, unaweza kuanguka tena. Mitishamba tunaiheshimu: magome ya Prunus africana, mti unaoota kwenye misitu ya Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya, yamechimbwa na kusafirishwa Ulaya kwa ajili ya tezi dume kwa miongo mingi, mpaka mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Tafiti zake zilikuwa ndogo na za muda mfupi, zilionyesha nafuu kiasi ya dalili, lakini hazikuonyesha tezi kuyeyuka. Mmea mwingine unaotangazwa sana mitandaoni, saw palmetto, ulijaribiwa vizuri Marekani. Matokeo ya 2006 na tena 2011, mara hii hata kwa dozi mara tatu, hayakupita ya kidonge kisicho na dawa.

Upasuaji. Umezibwa mara moja, kukiwa na kichokozi kinachojulikana, figo ni nzuri na mililita 140 zinazobaki ni za kufuatilia, si za kukimbizana nazo. Una nafasi ya kujaribu dawa kwa utaratibu. Utashauriwa kisu kama utazibwa tena, kama mpira ukitolewa mkojo unagoma, kama figo zinaanza kudhoofika, kama kuna mawe kibofuni, damu au maambukizi yanayojirudia, au kama dawa zimeshindwa na maisha hayaendeki. Njia iliyozoeleka ni kuikwangua tezi kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, bila kuchana tumbo. Tezi inayozidi gramu 80 hivi, au hospitali isiyo na kifaa hicho, hufanyiwa ya kufungua tumbo chini ya kitovu. Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando wana madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo.

Chumbani hakuishi. Mishipa ya fahamu ya kusimamisha iko nje ya tezi, na upasuaji huu unatoa nyama ya ndani na kuacha ganda. Waliokuwa na nguvu kabla, wengi wao wanabaki nazo. Kinachobadilika ni kwamba karibu wawili kati ya watatu, baada ya kukwanguliwa, manii yanarudi kibofuni na kutoka na mkojo. Raha ya kufika inabaki, ila kuzaa kunakuwa kugumu. Hofu iliyozagaa mitaani inatokana zaidi na upasuaji wa saratani, ambapo tezi nzima hutolewa. Mpira unakaa siku moja hadi tatu, ukifunguliwa tumbo ni wiki hivi. Usibebe vitu vizito wala kupanda bodaboda kwa wiki nne hadi sita. Usishtuke ukiona damu kidogo kwenye mkojo karibu na wiki ya pili, kidonda kinabanduka, kunywa maji. Mabonge ya damu au mkojo kuziba, rudi hospitali saa hiyohiyo. Na kwa kuwa ganda linabaki, kipimo cha PSA kinaendelea.

Mkojo ukigoma tena, usinywe maji kuusukuma, usikandwe tumbo, usisubiri kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo. Nenda pia siku hiyohiyo ukipata homa na kutetemeka, au damu kwenye mkojo hata bila maumivu, ambayo huku pwani huenda ikawa kichocho, lakini kwa umri wako lazima kibofu kikaguliwe. Miguu ikilegea ghafla pamoja na maumivu ya mgongo, usilale nayo nyumbani. Na kitu ambacho wazee hukificha: kulowesha kitanda. Mara nyingi ni kibofu kilichojaa kinachofurika, na nyuma yake figo zinaharibika bila kuuma.

Jambo la mwisho, maana katika umri wako huenda likakufikia: ukipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba umewahi kumeza tamsulosini, hata kama ni siku nne tu na uliacha zamani. Dawa hiyo huilegeza mboni wakati wa upasuaji, na daktari anayejua mapema hujiandaa na vifaa tofauti.